Homuweki inapoleta ugomvi nyumbani: mzazi aanzie wapi?

Kwa Kiswahili chetu, "kazi za nyumbani" zina maana mbili. Kwa mwalimu ni maswali kumi ya Hisabati ya kufanya jioni. Kwa mama ni kuchota maji, kuosha vyombo, kuwafungia mbuzi na kumbeba mdogo wake. Mtoto wa darasa la tatu anabebeshwa zote mbili, na giza likiingia moja imebaki. Mara nyingi inayobaki ni ya mwalimu. Ili tusichanganyane, katika makala haya kazi ya mwalimu tutaiita homuweki, kama wengi wetu tunavyoiita mitaani.

Kila tunapozungumzia shule katika kipindi chetu cha jioni, tunapokea simu na meseji za aina tatu. Mzazi wa kwanza anasema mwanawe ni mvivu, ukimtajia daftari analia. Wa pili anasema yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, hajui aanzie wapi kumsaidia. Aina ya tatu zinatoka kwa watoto wenyewe, wakitumia simu ya baba au ya shangazi: "Nikienda bila kumaliza napigwa."

Mama mmoja alitusimulia kwamba mwanawe wa darasa la nne alikuwa akiondoka nyumbani kila asubuhi akiwa na sare na begi, kisha anakaa mtoni mpaka wenzake wanaporudi. Mama aligundua baada ya wiki tatu, tena kwa kuambiwa na jirani. Alipomuuliza, mtoto alijibu kwamba siku mbili mfululizo hakumaliza homuweki, akaogopa kurudi. Jambo lililoanza na maswali machache ya kugawanya lilikuwa karibu kumtoa shuleni.

Kwa sababu hiyo tumeandika makala haya. Yahifadhi kwenye simu, msomee na jirani asiyeweza kusoma.

Homuweki ina faida gani?

Ina faida mbili. Ya kwanza ni mazoezi: jambo alilofundishwa asubuhi mtoto analirudia mwenyewe jioni ili lisimtoke. Ya pili wazazi wengi hatuifahamu. Homuweki ni taarifa kwa mwalimu. Daftari likirudi na makosa, mwalimu anaona nani hakuelewa na nini kirudiwe. Ndiyo maana kaka mkubwa akimfanyia mdogo wake maswali yote, mwalimu anapata taarifa ya uongo. Anaona tiki kumi, anaendelea na mada nyingine, na mtoto anabaki nyuma bila mtu kujua.

Je, homuweki iwe ndefu kiasi gani? Mtafiti mmoja wa Marekani, Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, alipitia tafiti nyingi kuhusu suala hili. Aliona kwamba uhusiano wa homuweki na ufaulu ni mdogo kwa watoto wa shule ya msingi kuliko kwa wale wa sekondari. Kuna kipimo rahisi kinachotumika sana huko: dakika kumi kwa kila darasa. Darasa la kwanza dakika 10, la tatu dakika 30, la sita saa moja. Hii si sheria ya nchi yetu, lakini ni kipimo kizuri cha kujiuliza. Kama mtoto wa darasa la pili yuko kwenye daftari mpaka saa nne usiku, kuna tatizo, na huenda si la mtoto.

Kwa nini anagoma?

Kabla ya kumwita mvivu, chunguza mambo haya moja baada ya jingine.

*Uchovu na njaa.* Kuna watoto wanaotembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, na wengine wanashinda huko bila kula. Akifika nyumbani anakabidhiwa ndoo. Mpe kwanza chochote kilichopo, hata uji au kiporo cha asubuhi, na apumzike kidogo. Tumbo likilia, hesabu haiingii.

*Muda na mwanga.* Kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, mwaka mzima. Mtoto anayeanza homuweki baada ya chakula cha usiku anaifanya kwa kibatari, moshi machoni na usingizi juu. Ukibadilisha mpangilio, homuweki ikawa saa kumi na moja na vyombo vikawa usiku, ugomvi mwingi unapungua. Vyombo huoshwa hata kwa mwanga hafifu, ila mwandiko wa penseli unataka mwanga wa kutosha. Kama mna taa ya sola, ianze kwenye daftari, redio na simu zichajiwe mapema.

*Hakuelewa darasani.* Darasa lenye watoto wengi halimpi mwalimu nafasi ya kumfikia kila mmoja. Mtoto anarudi nyumbani na maswali asiyojua hata yanaanzia wapi, naye anaona aibu kusema. Kulia au kuchelewa makusudi ndiyo njia yake ya kuficha.

*Hawezi kusoma swali.* Hili linajificha sana, tutalieleza zaidi hapa chini.

*Macho au masikio.* Ukiona anasogeza daftari karibu kabisa na uso, anakunja macho akitazama mbali, au unamwita mara tatu ndipo anageuka, mpeleke kituo cha afya akapimwe. Kuna watoto walioitwa wajinga kwa miaka, kumbe hawaoni ubao. Wakati mkisubiri vipimo, mwombe mwalimu amkalishe mbele.

*Woga.* Mtoto aliyepigwa jana kwa sababu ya homuweki, leo akiliona daftari anaona fimbo. Akili inashughulika na fimbo, hesabu inakosa nafasi.

Mfano wa kosa moja

Tuchukue hesabu ambayo imewaliza watoto wengi: 52 kutoa 27. Mtoto anaandika 35. Baba anaona kosa, anafoka: "Hujui hata kutoa?"

Hebu tuangalie 35 ilitoka wapi. Mtoto aliangalia safu ya mamoja, akaona 2 juu na 7 chini. Amekariri kwamba tunatoa namba ndogo kwenye kubwa. Basi akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5, akapata 3. Jibu: 35. Hakubahatisha hata kidogo. Alifuata kanuni, ila kanuni aliyoshika haikukamilika. Ukimchapa, kanuni hiyo mbovu haitoki kichwani.

Sasa chukua vijiti 52. Mwambie afunge mafungu ya kumi kumi kwa kamba. Atapata mafungu matano na vijiti viwili. Mwambie, "Nipe vijiti 27." Ataanza na saba, ataona viwili havitoshi. Mwache afikirie. Wengi wanafungua fungu moja wenyewe bila kuambiwa. Hapo ana vijiti 12 vilivyo huru, anatoa 7, vinabaki 5. Mafungu yamebaki manne, anatoa mawili, yanabaki mawili. Jibu ni 25. Kule kufungua fungu ndiko mwalimu anakoita "kukopa".

Hapo hukuhitaji cheti. Ulihitaji vijiti, kamba na robo saa ya uvumilivu. Maharage, mahindi na vifuniko vya soda vinafaa vilevile.

Njia hii inasaidia pia pale njia ya mwalimu isipofanana na ile tuliyofundishwa sisi. Wazazi wengi wanagombana na watoto kwa sababu hiyo: "Mwalimu hakusema hivyo!" Usishindane. Mwambie mtoto akuonyeshe njia ya mwalimu. Vijiti vikitoa jibu lilelile, njia zote mbili ni sahihi, na atumie ya mwalimu daftarini.

Tatizo linapokuwa kusoma

Darasa la kwanza na la pili, kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akipanda darasa la tatu bila kusoma vizuri, kila somo linageuka gumu: Sayansi, Jiografia, hata Hisabati, kwa sababu maswali yanaandikwa kwa maneno.

Kuna kipimo unachoweza kufanya leo jioni. Mpe kitabu cha darasa la pili, asome aya moja kwa sauti. Kama hujui kusoma, mwite mtu anayejua akae karibu. Sikiliza mambo mawili. Je, anakisia neno kwa kuangalia mwanzo wake tu, anasema "kaka" pale palipoandikwa "kanga"? Je, anakwama kwenye sauti zinazounganisha herufi, kama mba, nya, ng'o, kwa? Halafu funga kitabu, muulize habari ile ilihusu nini. Kama amesoma maneno yote lakini hawezi kusimulia, bado hajasoma.

Mtoto wa aina hii akipewa swali, "Asha ana maembe 24, akawagawia rafiki zake 4 sawasawa, kila mmoja alipata mangapi?", anaona 24 na 4 tu, anajumlisha, anaandika 28. Wewe unadhani hajui kugawanya. Msomee swali kwa sauti uone. Akilipata, basi tatizo ni kusoma, na dawa yake ni kusoma dakika kumi kila siku, hata kama darasa lake ni la tano. Si aibu kurudi kitabu cha darasa la pili. Aibu ni kufika la saba bila kurudi.

Lugha nayo ina nafasi yake. Nyumba nyingi vijijini watoto wanaongea Kigogo, Kinyaturu, Kisukuma au lugha nyingine, na Kiswahili wanakikuta shuleni. Usiogope kumweleza mtoto swali kwa lugha ya nyumbani. Akielewa wazo kwa lugha ya bibi yake, atalibeba kwenda kwenye Kiswahili. Halafu mwambie akurudishie kwa Kiswahili.

"Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?"

Swali hili tunaulizwa kuliko yote. Jibu letu ni kwamba kazi ya mzazi haikuwa kamwe kutoa majibu. Kazi ya mzazi ni hizi:

1. *Kutenga muda na mahali.* Saa ileile kila siku, mkeka au meza ileile. Mtoto akizoea, hata kumkumbusha kunapungua.

2. *Kukaa karibu.* Chambua mboga au suka ukili, ila uwepo. Mtoto anayefanya kazi akiwa peke yake chumbani anakata tamaa haraka.

3. *Kuuliza.* "Mwalimu amesema mfanye nini? Hili umelipataje? Nionyeshe." Mtoto akimweleza mtu asiyejua, inabidi aelewe mwenyewe kwanza. Kutojua kwako kunakuwa msaada.

4. *Kukagua kwa macho.* Hata asiyesoma anaona kama ukurasa umejaa au mtupu, kama kuna wino mwekundu wa mwalimu, kama kalamu imeisha.

5. *Kumtafutia msaidizi.* Binti wa jirani aliye sekondari, au kaka yake. Ila sharti liwe moja: aelekeze, penseli ibaki mkononi mwa mtoto.

Maisha ya kila siku nayo ni darasa. Mtume dukani na elfu mbili, ahesabu chenji kabla ya kuondoka pale. Mafungu ya nyanya sokoni, vikombe ndani ya debe, siku zilizobaki hadi mnada: zote ni Hisabati.

Na jambo moja la haki. Katika nyumba nyingi msichana anaosha vyombo wakati kaka yake anasoma. Wote wawili wana homuweki. Gawa kazi za mikono sawa, hasa kuanzia Januari hadi Machi, pale palizi inapokutana na mwanzo wa mwaka wa shule na kila mtu amechoka.

Kuhusu fimbo

Tunajua wengi wetu tulikua nayo. Lakini kwenye homuweki fimbo inafundisha mambo matatu tu: kuficha daftari, kunakili kwa mwenzake, na kutoroka. Yule mtoto wa mtoni alijifunza la tatu.

Ni vizuri mzazi ajue pia utaratibu wa shule. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kuchapa. Anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Mwanao akirudi na alama mwilini kwa sababu ya homuweki, nenda shuleni kwa utulivu, uliza. Usipopata jibu, ipo kamati ya shule, na yupo Afisa Elimu Kata.

Kuzungumza na mwalimu

Wazazi wengi wanafika shuleni siku ya ugomvi tu. Nenda siku isiyo na ugomvi. Msalimie mwalimu, mweleze hali ya nyumbani: mtoto anatoka mbali, hakuna umeme, mama anauguza. Mwalimu hawezi kujua usipomwambia. Uliza maswali matatu: Mwanangu anakwama wapi hasa? Homuweki inatolewa siku zipi? Asipoelewa nyumbani, afanye nini?

Swali la mwisho ndilo zito. Mwombe mwalimu mkubaliane kwamba mtoto akijaribu akakwama, aandike alipofikia na aonyeshe swali lililomshinda, badala ya kuadhibiwa kama ambaye hakugusa daftari. Wapo walimu wanaokubali, kwa sababu inawasaidia kujua wapi warudie.

Fahamu pia kwamba mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, ukianzia darasa la kwanza na la tatu kwa upande wa shule ya msingi. Limeingia pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo usishangae madaftari ya kaka mtu yasipofanana na ya mdogo wake.

Simu yako inaweza kusaidia

Kama una simu ya intaneti, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma. Inafaa pale kitabu kimoja kinapogombaniwa na watoto wengi darasani. Unaweza pia kupiga picha ukurasa wa kitabu cha rafiki yake ili mtoto aufanyie kazi nyumbani.

Kama una kitochi, bado kinafaa. Kina kikokotoo cha kuhakiki jibu, baada ya mtoto kufanya mwenyewe. Kina kengele ya kukumbusha saa ya daftari. Na unaweza kumpigia mzazi mwenzako kuuliza, "Leo wamepewa ukurasa gani?"

Maswali tunayoulizwa

*Mwanangu anasema hawapewi homuweki kabisa. Nimwamini?* Angalia daftari, kisha uliza mwenzake wa darasa au mwalimu. Inawezekana kweli hawapewi. Hata hivyo, dakika kumi za kusoma kwa sauti hazisubiri mwalimu.

*Nimlipe zawadi akimaliza?* Sifa inatosha, tena sifa ya jambo maalumu: "Leo umejaribu lile la nne mara tatu." Ukianza kulipa, kesho ataongeza bei.

*Analia kila siku. Nimlazimishe amalize?* Weka kikomo. Dakika zake zikiisha na ameshajaribu, funga daftari, alale. Asubuhi ampelekee mwalimu swali lililomshinda. Usingizi ni sehemu ya masomo.

*Walezi ni babu na bibi, wazazi wako mjini. Nani afuatilie?* Bibi akae karibu, mzazi apige simu jioni, na swali la kwanza lisiwe "Umepata ngapi?" bali "Leo umejifunza nini? Nielezee."

Anza leo

Usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Wiki hii fanya mambo mawili tu: sogeza homuweki kabla ya giza, na ukae karibu naye. Wiki ijayo ongeza kusoma kwa sauti. Wiki ya tatu nenda ukasalimie shuleni.

Yule mama wa darasa la nne alitupigia tena baadaye. Alikwenda mwenyewe na mwanawe kwa mwalimu wa darasa, wakakaa watatu, ikaonekana mtoto hajui jedwali la kuzidisha kuanzia la sita, na bila hilo kugawanya hakuwezekani. Sasa wanalisema pamoja njiani wakienda kisimani, mama akiuliza, mtoto akijibu. Mama alicheka, akatuambia na yeye ameshalijua hadi la nane.